Viola na Jamaa Zake: Asili ya Ala za Nyuzi za Kusuguliwa kwa Upinde na Kauli za Mafakihi Juu Yake

UTANGULIZI

Shukrani zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Sahaba zake, na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Katika mlango wa ala za muziki, wengi wetu huanza na swali moja na kuishia hapo hapo: ni halali au ni haramu? Swali hilo ni la lazima, wala hakuna anayelidharau. Lakini wanachuoni wa Usuli wametufunza kanuni inayolitangulia, nayo ni kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Daktari hatoi dawa kabla hajamchunguza mgonjwa, na fakihi hatoi hukumu kabla hajakijua kitu anachoulizwa: kimeundwa vipi, kinatumika vipi, na jina lake limetoka wapi.

Tumechagua ala moja tu, viola, pamoja na ukoo wake wa ala zinazopigwa kwa upinde, kwa sababu watu hubishana juu yake kwa hoja za historia ambazo hazikupimwa. Yako madai matatu yanayosikika. Wa kwanza husema: “Hizi ni ala za Wazungu, kwa hiyo kuzigusa ni kujifananisha na makafiri.” Wa pili husema: “Hizi ni ala zetu, Waislamu ndio waliowapa Wazungu, kwa hiyo hazina ubaya.” Wa tatu husema: “Viola haikutajwa katika vitabu vyetu, kwa hiyo haina hukumu.” Ndugu msomaji, inshaAllah utaona kwamba madai yote matatu yanaanguka, na kinachoyaangusha ni ujuzi wa kitu chenyewe.

VIOLA NI KITU GANI?

Mtu aliyeiona fidla ameshaiona viola kwa sehemu kubwa. Zote mbili ni sanduku la mbao lenye kiuno, shingo nyembamba isiyo na vizuizi vya vidole, na nyuzi nne. Zote huwekwa begani, chini ya kidevu, na kusuguliwa kwa upinde. Tofauti ni umbo na sauti. Sanduku la fidla lina urefu wa sentimita 35 hadi 36. La viola halina kipimo kimoja: mafundi hulitengeneza kati ya sentimita 38 na 43 hivi, na nyingi ziko karibu na 41. Sauti ya viola iko chini ya ile ya fidla kwa hatua tano za muziki, na iko juu ya ile ya selo, ambayo ni ala kubwa inayosimamishwa baina ya magoti, kwa hatua nane.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Mafundi wanajua kwamba, kwa sauti nzito kama ile, sanduku la viola lingepaswa kufikia karibu sentimita 53 ili liwe na uwiano sawa na la fidla. Lakini hakuna mkono wa mwanadamu ungeweza kulishika begani. Kwa hiyo viola ni suluhu baina ya sauti na mkono, na ndiyo maana sauti yake ina ukungu fulani, kama ya mtu anayesema kwa upole kutoka kifuani. Katika kundi la watu wanne wanaopiga pamoja kwa desturi ya Ulaya, fidla huwa mbili, viola moja na selo moja. Viola hukaa katikati. Msikilizaji wa kawaida huenda asiitambue, lakini ikiondoka huhisi kwamba pana pengo.

Sauti yenyewe hutokeaje? Upinde wake si upinde wa mshale, ingawa jina ni moja. Ni kijiti kilichofungwa singa za mkia wa farasi, takriban 150 hadi 200. Singa hizo hupakwa ulimbo mkavu wa miti ya jamii ya msonobari. Fundi akivuta upinde juu ya uzi, ulimbo huunasa uzi na kuuvuta kidogo, kisha uzi huponyoka, kisha hunaswa tena. Jambo hilo hukaririka kwa haraka sana. Uzi mzito wa viola hufanya hivyo kama mara 130 kwa sekunde moja, na uzi wake mwembamba mara 440. Mtikisiko hupita kwenye kibao kidogo kilichosimamishwa chini ya nyuzi, huingia katika ubao wa juu, kisha hushuka mpaka ubao wa mgongoni kwa njia ya kijiti kidogo kilichosimama ndani ya sanduku. Wataliani na Wafaransa huita kijiti hicho kwa neno la lugha zao lenye maana ya “roho,” kwani kikianguka ala hupoteza sauti yake.

Hii ndiyo tofauti baina ya ala hizi na udi, gambusi au kanuni. Hizo uzi hupigwa kwa kidole au kwa unyoya, sauti ikazaliwa na kufa papo hapo. Ala ya upinde huendelea kulia maadamu mkono unavuta. Ndiyo maana watu wa kale waliifananisha na sauti ya mwanadamu.

MAJINA YA UKOO HUU

Wengi hudhani kwamba viola ni mtoto wa fidla aliyekua. Kwa upande wa majina, ukweli ni kinyume chake. Katika Kiitalia, “viola” lilikuwa jina la jumla la ala za upinde. Kutokana nalo likatoka “violino,” yaani viola ndogo, ambayo ndiyo fidla. Likatoka “violone,” yaani viola kubwa, na kutoka hapo “violoncello,” yaani violone ndogo, ambayo ndiyo selo. Hivyo jina la viola ndilo mama, na mengine ni watoto.

Wataliani waligawanya ukoo huu mafungu mawili kwa namna ya kushika:

1. Viola za mkononi, yaani “viola da braccio,” zinazowekwa begani au kifuani. Hizi ndizo zilizozaa fidla na viola ya leo. Wajerumani mpaka leo huita viola “Bratsche,” na neno hilo limetokana na neno la Kiitalia la mkono.

2. Viola za mguuni, yaani “viola da gamba,” zinazosimamishwa juu ya mapaja au baina ya miguu. Hizi zina mgongo bapa, kwa kawaida nyuzi sita, na vizuizi vya vidole shingoni. Mpigaji hushika upinde kiganja kikiwa kimeelekea juu.

Pana pia viola iitwayo “viola d'amore,” ambayo mara nyingi ina nyuzi saba za kusuguliwa na nyingine saba chini yake zisizoguswa, bali hutikisika zenyewe kwa kuitikia. Katika karne ya 18 ala hii ilifika Istanbul, na watu wa dola ya Uthmania wakaiita “sine keman,” yaani kamani ya kifuani.

Tanbihi: majina katika mlango huu hudanganya. Neno “rababu” kwa Waarabu wengi ni ala ya upinde, lakini rubabu ya Afghanistan ni ala ya kupigwa kwa kipande kigumu kishikwacho vidoleni, haina upinde. Hapa ndipo inapofaa ile kanuni kwamba kinachozingatiwa ni kitu chenyewe, si jina lake. Mwenye kusoma kitabu cha fiqhi akakuta neno rababu na ajiulize kwanza mwandishi alikuwa nchi gani na zama gani.

UPINDE ULIZALIWA WAPI?

Wagiriki na Warumi wa kale walikuwa na ala nyingi za nyuzi, lakini hakuna ushahidi kwamba walizisugua kwa upinde. Watafiti wa historia ya muziki wanaona kwamba upinde ulijitokeza Asia ya Kati, katika nchi za Khurasan na Mawaraannahr, kiasi cha karne ya 3 na ya 4 Hijria, yaani karne ya 9 na ya 10 Miladia. Hizo ni nchi za wafugaji wa farasi, basi si ajabu kwamba singa za farasi ndizo zilizotumika.

Ushahidi wa maandishi tunaupata kwa wanafalsafa wa Kiislamu. Abu Nasr al-Farabi, aliyetoka Farab kando ya mto Syr Darya na kufa Damascus mwaka 339 H (950 M), aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya muziki kiitwacho Kitab al-Musiqa al-Kabir. Humo ameeleza rababu, nyuzi zake na namna ya kuzipatanisha, na akataja ala ambazo nyuzi zake husuguliwa kwa nyuzi nyingine. Baada yake Ibn Sina (aliyefariki 428 H / 1037 M), alipozigawa ala katika Kitab al-Shifa, aliiweka rababu katika fungu la ala zinazovutwa juu yake kitu cha kusugua.

Kisha akaja Ibn Khaldun (aliyefariki 808 H / 1406 M). Katika Muqaddima, mlango wa ufundi wa uimbaji, ameeleza kwamba katika ala za nyuzi zimo zinazogongwa kwa kijiti, na zimo zinazosuguliwa kwa uzi uliofungwa baina ya ncha mbili za upinde, baada ya uzi huo kupakwa nta na ubani. Tazama, ndugu msomaji: karne sita zilizopita mwanahistoria wa Kiislamu alieleza jambo lile lile linalofanyika leo. Mpigaji wa viola anaposugua ulimbo kwenye singa kabla ya kuanza, anafuata desturi ambayo Ibn Khaldun aliiandika.

Wafursi nao wana kamancha. Katika lugha yao “kaman” ni upinde, na kamancha ni upinde mdogo. Waarabu wakalifanya “kamanja.” Mwaka 2017 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi wa kamancha, kwa jina la Azerbaijan na Iran, katika orodha ya turathi za wanadamu. Kabla ya hapo, mwaka 2012, lilikuwa limeuingiza ufundi wa kutengeneza fidla wa mji wa Cremona, Italia. Mbali na nchi hizo, bara la Afrika Mashariki nalo lina ala za kusuguliwa: zeze ya Wagogo, orutu ya Wajaluo na endingidi ya Waganda.

SAFARI YA KWENDA ULAYA

Upinde uliingia Ulaya katika karne ya 10 na ya 11 Miladia kwa milango miwili mikubwa: Andalusia kwa upande wa magharibi, na dola ya Warumi wa Mashariki kwa upande wa pili. Warumi hao walikuwa na ala yao iitwayo lira. Ibn Khurdadhbih, aliyeishi katika zama za Khalifa al-Mu'tamid wa Bani Abbas (aliyetawala 870 hadi 892 M), aliitaja ala hiyo na kuifananisha na rababu ya Waarabu.

Huko Andalusia ushahidi uko wazi. Picha za kitabu cha nyimbo za Mfalme Alfonso wa 10 wa Castilla, cha karne ya 13, zinaonyesha wapigaji wa rababu wameisimamisha ala mapajani. Paris, kiasi cha mwaka 1280, mtawa Jerome wa Moravia aliandika juu ya ala iitwayo “rubeba,” yenye nyuzi mbili zilizopishana kwa hatua tano. Kila mwenye kusoma Kiarabu atalitambua jina hilo mara moja. Baadaye wakaiita “rebec.” Ni rababu ile ile katika matamshi ya wageni.

Kutoka hapo njia ziligawanyika. Mwishoni mwa karne ya 15, katika nchi za Aragon na Valencia nchini Hispania, upinde uliwekwa juu ya ala kubwa yenye kiuno iliyokuwa ikipigwa kwa vidole, ikawa ndiyo viola ya mguuni. Watafiti wanaona kwamba namna ya kuisimamisha mapajani ilitokana na wapigaji wa rababu wa nchi hiyo hiyo. Mwaka 1492, mwaka ule ule Granada ilipotoka mikononi mwa Waislamu, mtu wa Valencia wa ukoo wa Borgia alikuwa Papa wa Roma, na watu wa Hispania wakamiminika Italia pamoja na ala zao.

Ama fidla na viola ya begani zilipata umbo lake kaskazini mwa Italia katika karne ya 16. Fundi mashuhuri wa mwanzo ni Andrea Amati wa Cremona, aliyefariki 1577. Katika mji wa Brescia alikuwako Gasparo da Salò (1540 hadi 1609), ambaye viola zake husifiwa mpaka leo. Kisha Cremona ikamtoa Antonio Stradivari, aliyefariki 1737.

Lazima tuseme haki hapa. Si kweli kwamba Waislamu walitengeneza viola na Wazungu wakaiiba. Upinde ulitoka katika nchi za Kiislamu. Kutoka kwa rebec, mtoto wa rababu, zilichukuliwa nyuzi zinazopishana kwa hatua tano na shingo isiyo na vizuizi. Lakini sanduku lenye kiuno, mbao zilizopindwa na kile kijiti cha ndani ni kazi ya mafundi wa Ulaya, waliochanganya ala kadhaa za kwao. Kwa hiyo viola ina wazazi zaidi ya mmoja. Mwanahistoria Mwislamu hahitaji kuzidisha. Kweli inamtosha.

KUREJEA KATIKA NCHI ZA KIISLAMU

Jambo la ajabu ni kwamba mjukuu alirudi nyumbani kwa babu. Nenda Fes nchini Morocco au Algiers nchini Algeria, utazame kundi la muziki wa Kiandalusi. Utaiona rababu ya kale: sanduku lake limechongwa katika kipande kimoja cha mti mfano wa mtumbwi, lina ngozi kwa chini, nyuzi mbili za utumbo, na upinde mfupi uliopinda sana. Pembeni yake utaiona viola ya Ulaya, ambayo huko huiita “alto” kama Wafaransa. Lakini mpigaji haiweki begani. Anaisimamisha juu ya paja lake, kama walivyofanya watu wa Andalusia karne nyingi zilizopita. Ala ni ya Cremona, mkao ni wa rababu.

Huko Misri, Mwingereza Edward Lane aliyeishi Cairo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1836 aliikuta kamanja ikitengenezwa kwa kifuu cha nazi kilichowambwa ngozi ya samaki, ikiwa na nyuzi mbili za singa za farasi. Katika nusu ya pili ya karne ile fidla ya Ulaya ilichukua nafasi yake, na ikachukua hata jina lake: kamanja ikawa ndiyo fidla. Waarabu waliibadilisha namna ya kupatanisha nyuzi zake ili ziafiki maqamu zao.

Kutoka Misri ilifika kwetu. Inasimuliwa katika historia ya Zanzibar kwamba Sultan Barghash bin Said (aliyetawala 1870 hadi 1888) alimtuma Muhammad bin Ibrahim kwenda Cairo kujifunza muziki, na mwaka 1905 likaundwa kundi la Ikhwani Safaa. Fidla ikawa uti wa mgongo wa taarabu ya kale, pamoja na kanuni, udi na nai. Kwa hiyo swali la ala za upinde ni la majumba yetu, harusi zetu na vijana wetu.

MAFAKIHI WAMESEMA NINI?

Wengi katika mafakihi wa madh-hebu manne wameharamisha ala za nyuzi. Dalili yao mashuhuri ni Hadithi iliyomo katika Sahihi al-Bukhari, Kitabu cha Vinywaji, inayotaja watu watakaokuja na kuhalalisha hariri, ulevi na ala za muziki. Ibn Hazm wa Andalusia (aliyefariki 456 H / 1064 M) aliitia ila isnadi yake, akidai kwamba imekatika baina ya al-Bukhari na Hisham bin Ammar. Ibn al-Salah akamjibu, na al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki 852 H / 1449 M) akazikusanya njia zake zilizounganika katika Taghliq al-Ta'liq.

Imam al-Ghazali (aliyefariki 505 H / 1111 M) katika Ihya, Kitabu cha Adabu za Kusikiliza, aliitafuta sababu ya hukumu. Alisema kwamba ala hizi hazikuharamishwa kwa utamu wa sauti yake, kwani hata ndege wana sauti tamu. Bali ni kwa sababu tatu zinazohusiana na ulevi: zinaita kwenye kunywa, zinamkumbusha aliyeacha karibuni, na kukusanyika juu yake ni ada ya mafasiki. Kisha akataja kwa majina udi na rababu pamoja na nyuzi zote. Imam al-Nawawi (aliyefariki 676 H / 1277 M) katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu za pwani, ameifunga hukumu na zile ala ambazo ni alama ya wanywaji. Na Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 H / 1567 M), aliyeandika Kaff al-Ra'a' makhsusi kwa mlango huu, ametaja katika ala za nyuzi zilizoharamishwa rababu na kamanja kwa majina yake.

Kwa upande wa pili, Ibn Hazm ameona kwamba hakuna Hadithi sahihi ya kuziharamisha. Ibn al-Qaysarani (aliyefariki 507 H / 1113 M) aliandika kitabu kuunga mkono kusikiliza, na Abdul-Ghani al-Nabulsi wa Damascus (aliyefariki 1143 H / 1731 M) aliifungamanisha hukumu na makusudio na yanayoandamana na ala. Al-Shawkani wa Yemen (aliyefariki 1250 H / 1834 M) aliandika risala kuonyesha kwamba dai la ijmai juu ya kuharamisha kila namna ya kusikiliza halikuthibiti. Katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki 2022, alielekea kwenye kuruhusu kwa masharti.

KUYAPIMA YALE MADAI MATATU

Sasa turejee kwa wale watu watatu.

Kwanza, anayesema ni ala ya Wazungu na kuigusa ni kujifananisha nao. Hoja yake haisimami, kwani ukoo huu ulikuwa Khurasan kabla haujafika Paris. Akitaka kuharamisha anazo dalili za mafakihi tulizozitaja, wala hana haja ya hoja isiyo ya kweli. Hoja dhaifu hudhoofisha hata kauli yenye nguvu.

Pili, anayesema ni yetu, basi ni halali. Huyu naye amekosea. Al-Ghazali aliitaja rababu kwa jina, ikipigwa na Waislamu katika miji ya Waislamu, akaiweka katika yaliyoharamishwa. Kuwa kitu kimetoka kwetu si dalili ya kisharia. Anayetaka kuruhusu na afuate njia ya Ibn Hazm au ya al-Nabulsi, atazame Hadithi na sababu ya hukumu. Fahari ya historia haihalalishi wala haiharamishi.

Tatu, anayesema viola haikutajwa, basi haina hukumu. Jina halikutajwa, lakini kitu chenyewe kinajulikana: ni nyuzi zinazosuguliwa kwa upinde, ni jamaa wa rababu na kamanja zilizotajwa. Basi kauli yoyote utakayoishika katika rababu, ishike katika viola. Si ala mpya inayotaka ijtihadi mpya.

Kinachobaki baina ya wanachuoni ni ile sababu ya hukumu. Je, kuwa alama ya walevi ni sababu ambayo hukumu huondoka ikiondoka, au ni hekima tu na hukumu inabaki kwa nassi? Hapa ndipo penye mjadala wa kielimu, na hapa ndipo mwanafunzi anapotakiwa atumie muda wake.

MASUALA YANAYOGUSA HAKI ZA WATU

Pana masuala mawili ambayo kutoyajua huleta dhulma.

La kwanza ni kuuza. Katika Minhaj, kuuza ala ya pumbao hakusihi. Ikatajwa kauli ya pili katika madh-hebu kwamba kunasihi ikiwa vipande vyake vikivunjwa vinahesabika kuwa mali. Ibn Hazm amehalalisha kuuza ala hizi zote.

La pili, na ndilo zito zaidi, ni kuvunja. Kijana husikia mawaidha, akatoka akavunja au akachoma ala ya jirani yake, akidhani amekataza maovu. Na asome aliyoyasema al-Nawawi katika mlango wa unyang'anyi. Ni kweli kwamba kubatilisha ala hizi hakuna fidia. Lakini kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba hazivunjwi mvunjo wa kupita kiasi. Hufumuliwa, zikarudi kama zilivyokuwa kabla ya kuunganishwa, isipokuwa mwenyewe akizuia na njia hiyo ikashindikana. Wafafanuzi wake wakasema kwamba mwenye kuichoma pasipo kulazimika analipa thamani ya vipande vyake, kwani mbao ni mali yenye heshima. Abu Hanifa (aliyefariki 150 H / 767 M) amemlazimisha mvunjaji kulipa thamani yake kwa matumizi yasiyo ya pumbao, na Ibn Hazm amemlazimisha fidia.

Hapa utaona faida ya kukijua kitu. Mbao za viola kwa desturi huunganishwa kwa gundi ya ngozi, ambayo hulegea kwa joto na unyevu, na mafundi huifungua bila kuipasua ili kuitengeneza. Nyuzi zikilegezwa, kile kibao kidogo cha chini yake huanguka chenyewe, na ala hunyamaza kimya. Basi aliyeipiga ukutani ilhali mwenyewe hakumzuia kitu hawezi kusema kwamba alifuata Minhaj. Amevuka mpaka wa kitabu anachodai kukitetea.

HITIMISHO

Tuliyoyaeleza yanakusanyika katika mambo manne:

1. Viola na fidla ni matawi ya ukoo mmoja wa ala za upinde. Upinde huo ulijitokeza Asia ya Kati na ukaelezwa na wanachuoni wa Kiislamu, na umbo la viola likakamilishwa na mafundi wa Italia.

2. Asili ya kitu si hukumu yake. Anayeharamisha kwa kuwa ni cha Wazungu na anayehalalisha kwa kuwa ni chetu wote wameiacha njia ya dalili.

3. Viola hufuata hukumu ya rababu na kamanja. Wengi katika mafakihi wameharamisha, na wapo wanachuoni wenye kutajika waliokhalifu. Mwanafunzi ajue kauli zote mbili na dalili zake kabla ya kumwita mwenzake fasiki au mkaidi.

4. Kukataza maovu kuna adabu na mipaka, na mali ya mtu ina heshima hata pale unapokichukia kitu alichokinunua.

Imamu anayeulizwa na kijana juu ya ala hizi asione haya kumwambia: “Niletee ala yenyewe niione, unieleze unaipiga wapi, na nani, na kwa ajili gani.” Hayo ndiyo mambo ambayo al-Ghazali na al-Nabulsi waliyatazama, kila mmoja kwa njia yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe fahamu katika dini yake, na aziunganishe nyoyo zetu juu ya haki.

Wallahu aalam.